Redio ya Chumba cha Shuka

Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Wabishi wamejaribu, na wote wameishia kuiburuza sakafuni na kuirudisha mashineni ikafuliwe upya, huku msimamizi akiwatazama kwa jicho la pembeni. Ni pana, ni nzito, na imechemshwa mara nyingi mpaka imekakamaa. Hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mkitazamana, kila mmoja na ncha zake mbili mikononi. Mnavuta mpaka ikaze, mnaikunja katikati, halafu mnatembea kuelekeana mpaka vidole viguse vidole. Mmoja anamwachia mwenzake ncha zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini, kisha mnarudi nyuma na kuvuta tena.

Chiriku alifanya kazi hiyo na dada yake tangu walipokuwa wasichana wa viuno vyembamba mpaka wote wawili wakaitwa bibi. Jina la Chiriku alipewa na baba yao utotoni, kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki: akiamka anaimba, akichapwa anaimba, akitumwa chumvi anarudi na wimbo, chumvi ameisahau. Dada yake hakuwahi kupewa jina la utani. Watu wote pale chumba cha kufulia walimwita Dada tu, hata msimamizi aliyemzidi umri.

Wawili hao kwa pamoja ndio walioitwa Redio. Asubuhi, rundo la kwanza likishatoka kwenye kikaushio likiwa bado linatoa mvuke, fundi wa mashine alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa pili, "Washeni redio, bwana, tutalala humu." Nao wanawasha.

Wimbo wenyewe aliutunga mama yao, ambaye naye alikunja shuka katika chumba hichohicho, kabla ya vikaushio, enzi za kamba na jua. Ulikuwa wimbo wa maswali na majibu. Dada, mwenye sauti ya kwanza, aliuliza walipokuwa wamesimama mbali wanavuta: *Nani katandika kitanda hiki?* Chiriku, mwenye sauti ya pili, alijibu wakati wanatembea kukutana: *Ni mimi, ni mimi, lala mgeni.* Wanarudi nyuma. *Nani kafungua dirisha hili?* Wanatembea. *Ni mimi, ni mimi, pumua mgeni.* Na mwisho, shuka ikishakuwa ndogo kama mto: *Nani analia mlangoni?* Jibu la hapo huimbwa chini kabisa, karibu kunong'ona: *Si mimi, si mimi, nenda mgeni.* Wauguzi waliokuja kuchukua foronya walikuwa wanajifanya hawakuhesabu vizuri ili wasimame kidogo zaidi.

Kwa nini Dada alishika ya kwanza na Chiriku ya pili? Hakuna aliyegawa. Dada alizaliwa mwanzo, akaanza kuimba mwanzo, akachukua kilichokuwepo. Mdogo mtu alipokuja akakuta nafasi iliyobaki, akaingia humo, akakaa humo miaka yote. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa magauni na viatu.

Sasa, kulikuwa na yale mashindano ya kuimba ya runinga. Nchi nzima ilikuwa imepagawa nayo. Kila Jumapili jioni Chiriku alikuwa anakwenda kwa Dada, kwa kuwa runinga ya Dada ndiyo iliyokuwa kubwa, na hapo ndugu na majirani wanajazana mpaka kwenye mikono ya makochi. Dada mwenyewe hakuketi. Alikuwa anasimama nyuma ya kochi na kitambaa cha jikoni begani, akiwaonea huruma washiriki wote, hata wale waliobweka. "Mwacheni," alikuwa akisema, "kapata woga tu huyo, sauti anayo."

Jumapili moja wakatangaza mchujo mpya. Anaruhusiwa mtu mmoja, au wawili, au kikundi. Binti wa Dada akageuka pale kwenye kochi. "Mama, wewe na mama mdogo mngeenda. Mngewafunga midomo."

Dada akacheka, na kama kawaida yake akaziba mdomo kwa kiganja, maana meno ya mbele yalishamtoka zamani. "Niende nikawachekee na mapengo haya? Wataniambia nimekosea njia, kwa daktari wa meno ni mtaa wa pili."

Nyumba nzima ikacheka. Chiriku naye alicheka. Lakini tangazo lile lilikuwa limeshamwingia, na halikutoka.

Kama angeulizwa sababu ya kwenda peke yake, angetaja meno. Na meno ni kweli: aliiona picha, Dada mbele ya taa zile kali, amejiinamia, mkono mdomoni, na watu majumbani wanamcheka. Hiyo ilikuwa sababu ya kusemeka. Ile nyingine hakuisema hata kwa mumewe. Alitaka asikike yeye. Mtu amekuwa nusu ya redio maisha yake yote. Akitoka hapo akikohoa, watu wanauliza mwenzake yuko wapi. Alitaka siku moja, hata kama ni moja, asimame mahali aimbe na watu waseme, huyu mwanamke anaimba, wasiongeze neno. Mimi simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na kioo jichoni. Alipoambiwa, hakunyanyua kichwa. "Nenda na dada yako," akasema.

"Hataki. Ana haya na meno yake."

"Umemuuliza?"

"Alishasema mwenyewe mbele ya watu."

"Yule alikuwa anatania. Nimekuuliza kama umemuuliza."

Chiriku akajitia anatafuta khanga. Hakuuliza siku ile, wala kesho yake. Siku ya mchujo ilipofika akamwambia Dada kwamba mama mkwe amezidiwa, hivyo hatakuja kazini. Dada akampa pole kutoka moyoni. Akamwambia asiharakishe kurudi, shuka zake atazikunja yeye.

"Peke yako utawezaje, na bega hilo linalokuuma?"

"Nitazibana kwenye mlango wa kabati. Mlango haulalamiki." Akamfungia machungwa kwenye mfuko, ya mgonjwa.

Machungwa hayo Chiriku aliyala kwenye foleni. Alijisikia vibaya kuyala, akajisikia vibaya zaidi kuyatupa, basi akala. Foleni ilizunguka ukumbi wa michezo mpaka nyuma, imejaa vijana wenye magitaa na viatu vinavyong'aa, na yeye katikati yao na gauni lake la harusi za watu. Kijana mmoja alimuuliza kwa adabu kama amemsindikiza mtoto wake.

Kulikuwa na chumba cha kwanza kabla ya majaji, jambo ambalo runingani hawalionyeshi. Humo alikaa msichana mwenye vitu masikioni na kalamu nyuma ya sikio. Chiriku aliimba wimbo wa mapenzi aliokuwa ameufanyia mazoezi bafuni, akauimba vizuri, hakuna kilichoharibika. Msichana akapiga miayo ya heshima, ile ya kufunga mdomo.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kufulia. Hospitalini. Nakunja shuka."

Msichana akainuka kidogo kwenye kiti. "Na mkiwa kazini mnaimba?"

"Tunaimba."

"Niimbie kidogo." Chiriku akaonjesha jibu moja, *ni mimi, ni mimi, lala mgeni*, na msichana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kaimbe huo. Uache ule mwingine. Majaji wanapenda kitu chenye maisha ndani yake."

Hapo ndipo alipaswa kusema, huo si wangu peke yangu. Alilijua hilo, limekuwa likimrudia tangu siku ile, akiwa anachambua mchele, akiwa anasubiri zamu ya bomba. Lakini mtu aliyekuwa anapiga miayo alikuwa sasa anamtazama kwa macho mawili, na Chiriku akasema, "Haya." Na kwa kuwa wimbo ule aliujua kuliko jina lake, hakuona haja ya kuupitia hata mara moja.

Jukwaani walimsimamisha juu ya alama ya utepe iliyobandikwa sakafuni. Majaji walikuwa watatu nyuma ya meza: mama mwenye miwani, mzee aliyewahi kuwa mwanamuziki, na yule mcheshi ambaye watu walimwangalia hasa kwa ajili ya kejeli zake. Wakamwambia aanze akiwa tayari. Akafumba macho ili asizione taa, na alipofumba macho akawa yuko chumba cha shuka. Mikono yake ikanyanyuka yenyewe, ikashika ncha mbili zisizokuwepo, akavuta, akasubiri swali.

Kimya. Alisubiri kama anavyosubiri kila siku, muda wa mstari mmoja, hakuna zaidi. Kichwani mwake swali liliulizwa, sauti ya Dada aliisikia waziwazi. Akajibu, *Ni mimi, ni mimi, lala mgeni*, na huku anajibu akatembea. Akatoka kwenye alama, akatoka kwenye taa, mikono mbele, kuelekea meza ya majaji. Akainama akaokota mkunjo. Akarudi nyuma, akavuta, akasubiri tena.

Alisikia kicheko akiwa katikati ya jibu la pili, akadhani ni huko nje. Alipofumbua macho mama mwenye miwani alikuwa ameweka kichwa mezani na mabega yanamtikisika.

"Mama," yule mcheshi akasema, "sauti unayo, sikudanganyi. Ila umetuletea majibu matupu. Maswali umeyaacha nyumbani?"

Wale nyuma ya kamera wakaangua kicheko.

Yule mzee hakucheka. Alikuwa ameegemea meza, akamuuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Pale unaponyamaza, mama. Unamsubiri nani?"

Swali jepesi kuliko hilo hakuwahi kuulizwa. Angesema, dada yangu. Pengine wangemwambia kamlete. Mzee yule alikuwa na sura ya mtu ambaye angemwambia hivyo, na Chiriku huiona sura hiyo mpaka leo. Lakini dada yake alikuwa chumba cha kufulia anabana shuka kwenye mlango wa kabati kwa sababu ya uongo wake, na aibu ikishamkaba mtu haichagui.

"Hakuna," akasema. "Simsubiri mtu."

"Basi pole, mama," akasema mama mwenye miwani, akijifuta macho. "Kwa leo hapana." Wenzake wakasema hapana, mzee akiwa wa mwisho.

Kesho yake Dada alimuuliza hali ya mgonjwa. Akajibu hajambo kidogo. Rundo la kwanza likatoka, redio ikawashwa, na Chiriku akajibu maswali yote mahali pake. Kila walipokutana vidole kwa vidole alijiambia, sasa namwambia. Anamwachia Dada ncha, wanarudi nyuma, imepita. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Siku ya mchujo, akitoka, walimwambia mlangoni pa ukumbi kwamba huenda ataonyeshwa na huenda hataonyeshwa, naye akaikumbatia hiyo ya pili, akaomba kila Jumapili, akaenda kwa Dada kila Jumapili akakaa roho juu mpaka kipindi kiishe. Kuacha kwenda kungemfichua. Kwenda kulikuwa kunammaliza.

Walimwonyesha kwenye kipindi cha vituko, wanapokusanya wale waliochekesha. Walimtanguliza mtu aliyeimba na mbwa wake, halafu akaja yeye. Wakamwekea muziki wa kikatuni, na pale alipotembea kwenda kwa majaji wakampunguza mwendo, wakamrudisha nyuma, wakamtembeza tena.

Wajukuu ndio waliomtambua kwanza. "Bibi Chiriku! Bibi yuko kwenye runinga!" Sebule ikalipuka kwa vifijo, maana kwa watoto kuuza sura runingani ni kuuza sura, hata ukiwa unachekwa. Chiriku alitazama mbele. Hakuthubutu kugeuka, lakini kioo cha kabati la vyombo kilikuwa pale karibu na runinga, na ndani yake alimwona Dada amesimama nyuma ya kochi na kitambaa begani. Kwenye kimya cha kwanza midomo ya Dada ilicheza. Kwenye kimya cha pili ilicheza tena. Alikuwa anauliza, bila sauti, kila swali mahali pake, na yule mwanamke wa kwenye runinga alikuwa anamjibu bila kupitiliza.

Kisha mzee akauliza, unamsubiri nani? Na Chiriku wa runinga akasema kwa sauti iliyosikika sebule nzima, "Hakuna. Simsubiri mtu."

Midomo ya Dada ikatulia. Akatoa kitambaa begani, akakikunja mara mbili.

"Mkweo siku ile hakuumwa," akasema.

"Hakuumwa, Dada."

"Haya." Akaenda jikoni. Walisikia maji yakifunguliwa na yakaendelea kutiririka, na hakuna chombo kilichooshwa.

Jumatatu walikutana kazini kama kawaida. Dada alifika kwanza, akafunga aproni, akashika ncha zake. Hakununa, na ingekuwa afadhali angenuna, maana mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza. Fundi wa mashine, ambaye naye alikuwa na runinga nyumbani, siku hiyo hakupiga kelele ya redio. Walikunja kimya. Shuka ya kwanza ncha hazikukutana. Ya pili pia. Bila wimbo mmoja alikuwa anatangulia, mwingine anachelewa, na mikono iliyokunja pamoja miaka yote ikawa inaparamiana kama ya wageni.

Kwenye shuka ya tatu Chiriku akashindwa kujizuia. "Nilifikiri ungeona haya. Meno."

"Ningeona haya," Dada akasema. "Nisingekuja."

"Sasa je?"

Dada akavuta upande wake mpaka ukakaza. "Ungeniambia, ningekufundisha sauti ya kwanza. Ungekwenda na wimbo mzima. Mimi ningekaa hapa nikunje, jioni unikute nakusubiri unihadithie."

Chiriku alitaka kutembea kwenda kumkabidhi ncha, miguu ikagoma. Kulia alilia, sina haja ya kumfichia. Alilia ameishika shuka vilevile mikono juu, hana mkono wa kujifutia.

"Nifundishe sasa," akasema.

"Sasa ya nini, mdogo wangu?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kweli kujua, na Chiriku hakuwa na jibu, yeye ambaye kazi yake ilikuwa majibu. Dada ndiye aliyetembea. Akaja mpaka kwake, akazichukua zile ncha mbili mikononi mwake, akaikunja mwenyewe, akaiweka kwenye rundo.

Hawakugombana. Jumapili ziliendelea, chakula kiliendelea, Dada aliendelea kumfungia machungwa. Bega lake lilipozidi akaomba kustaafu, akaagwa kwa soda na keki na maneno mazuri. Tangu ile Jumatatu mpaka siku ya kuagwa, hakuna aliyemsikia akiimba. Wala hakusema kwamba ameacha. Ukimgusia alikuwa anasema koo limekauka.

Sasa Chiriku anakunja na mwanamke mgeni, mchapakazi, mwenye sauti ya kukwaruza na masikio mazuri. Huyo alishausikia wimbo kwa wauguzi wa zamani, akaomba afundishwe. Chiriku alikataa, akakataa, mwisho akakubali. Akamfundisha jinsi ya kusimama, jinsi ya kuvuta, lini utembee. Akamfundisha *ni mimi, ni mimi, lala mgeni*. Maneno ya sauti ya kwanza anayajua yote, lakini kuyafungulia mdomo hawezi. Aliuuza wimbo huo mara moja kwa mtu anayepiga miayo, na upande wa Dada hautoi tena kwa mtu.

Kwa hiyo wanavuta shuka, wananyamaza muda wa mstari mmoja, kisha wanajibu wote wawili wakitembea kukutana. Mgeni huyo alivumilia hivyo mpaka rundo likafika nusu, akasimama na ncha zake mkononi.

"Samahani, mama. Pale tunaponyamaza, tunamsubiri nani?"

"Dada yangu," Chiriku akasema.

Alilisema vizuri, kwa sauti ya kusikika, mbele ya kikaushio na fundi wa mashine na mwanamke ambaye hakuwahi hata kuonana na Dada. Kisha akavuta upande wake, wakaendelea na kazi.